Tupeane uzoefu: hofu iliyokuzuia kuitumia karama yako kanisani

Besi wa Pili
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili iliyopita, siku ya Pentekoste, kijana mmoja wa kwaya yetu alipewa kuanzisha wimbo, akasimama mbele, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Mwalimu alimpigia nota ya kwanza mara tatu. Mara ya tatu kijana akatokea mlango wa sakristia, na mpaka naandika haya hajaonekana mazoezini. Watu walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilijiona. Kinanda nilifundishwa na mjomba wangu nikiwa darasa la sita, na nilikaa miaka tisa katika usharika uleule nikiimba besi ya pili, nimejificha nyuma ya watu warefu, ilhali mpiga kinanda wetu alikuwa mmoja tu na akiugua tuliimba bila ala yoyote. Nilikuwa nikijiambia kwamba nasubiri wito, kumbe nilikuwa nasubiri siku ambayo hapatakuwa na mtu wa kunisikia nikikosea. Naomba tupeane uzoefu: ulikuwa ukiogopa nini hasa, na ulifanyaje? Mistari ya kututia moyo tunaijua sote. Mimi nataka habari za watu.

Mama Pacha
Hapo kwenye watu warefu umenigusa. Mimi nilijificha jikoni, kwa wapishi wa semina, miaka na miaka, na kila mtu akawa ananisifu kwa unyenyekevu.

Kapadokia
Jina ninalotumia hapa lilitokana na siku ya Pentekoste, kwa hiyo naona zamu ni yangu.

Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi zinazonishinda ni P na K. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye naamini alikuwa na nia njema, aliniweka kwenye zamu ya kusoma somo bila kuniuliza, na nilipoitazama orodha ubaoni nikakuta nimepangiwa Matendo ya Mitume sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 13. Wanaoijua sura hiyo wanajua kilichomo katika mstari wa 9 na wa 10: Kapadokia, Ponto, Pamfilia, Kirene. Ni kama Luka aliniandikia mimi binafsi. Kwa wiki mbili nilisoma kwa sauti kila jioni shambani, katikati ya migomba, na migomba ilinisikiliza vizuri sana.

Siku yenyewe nilianza salama. Upepo wa nguvu ukavuma, ndimi za moto zikawakalia, Waparthi wakapita, Mesopotamia ikapita, kisha nikafika Kapadokia, na mlango ukafungwa. Nilibaki kwenye silabi ile ya kwanza, nikiirudia na kuirudia, kichwa kikinitikisika, na mke wangu anasema haikufika dakika moja, lakini yeye alikuwa ameketi. Watoto wakaanza kucheka. Ndipo upande wa akina mama mtu mmoja akapaza sauti, "Asifiwe!", na wengine wakaitikia, kwa sababu walidhani nimeshukiwa na Roho na ninanena kwa lugha. Hebu fikirini: siku ya Pentekoste, nasoma habari za watu waliosemeshwa lugha ambazo hawakujifunza, na mimi nashindwa na lugha niliyozaliwa nayo, huku nashangiliwa. Niliifunga Biblia, nikasema hilo ndilo neno la Bwana, nikarudi kuketi, nikaacha mistari minne bila kusomwa.

Kicheko nilikizoea tangu shuleni. Kilichoniumiza ni kwamba wakati wa kurudi nyumbani binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, hakunishika mkono kama alivyozoea, bali alitembea mbele na mama yake. Baada ya hapo nilihamia ibada ya pili, ambako hawanijui, nikakaa miaka mitatu. Ukiniuliza nilichokuwa nikiogopa, hawakuwa watu nisiowajua, maana hao ningewasomea hata kitabu kizima. Nilikuwa naogopa wale ambao kesho yake tungekutana dukani.

Besi wa Pili
Pole sana, ndugu yangu. Nilicheka pale kwa migomba, kisha nilipofika kwa binti nikaona aibu.

Mzee wa Zamu
Mwanangu Kapadokia, mimi ni miongoni mwa wazee wanaoandika hizo orodha, na nakuomba radhi kwa niaba ya yule mwenzangu. Tunaandika majina kwa haraka baada ya kikao, hatumtazami mtu wala somo. Ushauri wangu ni kwamba msomaji afike kanisani Jumamosi jioni, awashe kipaza sauti, asome mbele ya mabenchi matupu hadi aizoee sauti yake ikimrudia kutoka ukutani. Wengi huogopeshwa na sauti yao wenyewe kabla hata ya kuwaogopa watu.

Moto wa Madhabahu
Kwa heshima zote, mzee, hayo mazoezi ni kuutegemea mwili. Katika Mathayo 10:19 Bwana alisema tusifikirifikiri jinsi ya kusema, kwa maana tutapewa saa ileile. Tunawafundisha vijana kumtegemea Roho au kutegemea kipaza sauti?

Mzee wa Zamu
Soma mistari miwili iliyotangulia, ndugu. Pale Bwana anawaambia habari za watu watakaokokotwa mbele ya mabaraza na maliwali kwa ajili yake. Hakuwaambia habari za mtu aliyepewa somo wiki mbili kabla na anajua fika kwamba Jumapili inakuja. Nimewasikia wahubiri wengi waliopewa saa ileile, na mara nyingi walichopewa ni kile walichohubiri mwezi uliopita.

Mama Pacha
Kapadokia anywe maji ya uvuguvugu na asiwasikilize nyote wawili.

Fundi Randa
Mimi hofu yangu ni ya namna nyingine, na nitaisema ingawa najua nitasutwa. Ni fundi seremala. Katika Kutoka sura ya 31 Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya dhahabu, shaba, mawe na mbao, na sisi mafundi tunaupenda sana mstari huo. Basi mimi niliuficha ufundi wangu kanisani kwa muda mrefu kwa sababu ya kuogopa kufanyishwa kazi bure. Siku watakapojua unachonga, mabenchi yote ya usharika ni yako, meza ya mchungaji ni yako, jeneza la kila asiye na ndugu ni lako, na ukitaja bei ya mbao wanakuambia kwamba hiyo ni karama. Mwimbaji akitoka kuimba anarudi nyumbani na sauti yake, lakini mimi nikitoka kule narudi nimepungukiwa misumari.

Moto wa Madhabahu
Hicho ni kipaji, si karama. Karama ni zile za 1 Wakorintho 12.

Fundi Randa
Warumi 12 imetaja kukirimu na kusimamia, na 1 Petro 4:10 inasema kila mmoja aitumie karama kama alivyoipokea, kwa kuhudumiana. Hakuna aliyekatazwa kuhudumia kwa randa. Benchi unalokalia ukiomba moto ushuke nadhani nalo lilihitaji mtu.

Zamu ya Usiku
Nimesoma yote nikiwa kazini na sikukusudia kuandika, lakini maneno ya Kapadokia kuhusu watu utakaokutana nao kesho yake yamenirudisha mbali.

Nilikuwa na miaka 24, muuguzi mpya katika zahanati moja kule Upareni milimani, na kanisani nilikuwa msaidizi tu wa shule ya Jumapili. Mzee mmoja wa kijiji alifariki wakati wa masika. Korongo lilikuwa limejaa, mchungaji alikuwa ng'ambo ya pili, mwinjilisti alikuwa mgonjwa palepale zahanatini, tena mimi ndiye niliyemtundikia dripu. Mwili ulikuwa na siku tatu. Wazee wa ukoo wakasema wazike tu bila ibada, na mjane akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma vizuri kwa watoto. Msomee na huyu." Magoti yangu yalilegea. Nilikimbilia maliwatoni, nikakaa humo, nikatafuta ugonjwa wa kusingizia, na kwa kuwa ni muuguzi nilijua mingi.

Nilitoka na kitabu cha ibada cha mwinjilisti. Baba mdogo wa marehemu akasema waziwazi kwamba ukoo wao hauwezi kuzikwa na msichana, na wanaume kadhaa wakasogea kando. Nikaanza hivyohivyo, nikitetemeka hata karatasi zikawa zinasikika. Nilipofika mahali pa udongo kwa udongo, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa amelewa tangu asubuhi na ambaye yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba, alirukia ndani ya kaburi, akalala kifudifudi juu ya jeneza, akakataa kutoka. Akina mama wakapiga yowe. Wanaume waliosogea kando wakanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemsukuma.

Naomba nikomee hapo kwanza, kuna mgonjwa anaita.

Mama Pacha
Dada, usituache kaburini namna hiyo!

Besi wa Pili
Mgonjwa apone upesi. Tunasubiri.

Mlinzi wa Misingi
Kabla hatujaendelea kushangilia, naomba tuulize swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza. 1 Wakorintho 14:34 inawataka wanawake wanyamaze katika kanisa. Huenda hofu aliyoisikia dada yetu kule maliwatoni ilikuwa ni dhamiri.

Mama Pacha
Sura tatu kabla ya hiyo, katika 11:5, Paulo huyohuyo anaeleza mwanamke anayesali au kuhutubu afunike kichwa. Angewezaje kumpangia mavazi mtu aliyekatazwa kusema? Na katika Matendo 18 Apolo, msemaji hodari kabisa, alifundishwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na Priskila pamoja na Akila. Kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, dayosisi mbalimbali zimewabariki wanawake kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990, na makaburi hayajalalamika.

Mlinzi wa Misingi
Desturi ya dayosisi si Maandiko.

Jirani Mkatoliki
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi napita tu, ila kwetu padre akiwa mbali katekista huongoza mazishi, na ni mlei kama dada huyu. Hatuoni ajabu.

Besi wa Pili
Wapendwa, nawaomba suala la nani abarikiwe mlifungulie uwanja wake. Hapa tunazungumzia hofu.

Niliyepoa
Basi niseme la hofu, ingawa halitafurahisha. Mimi ni yule ambaye angefaa kuogopa na hakuogopa. Nikiwa na miaka ishirini niliambiwa nina karama ya unabii, nikapewa kipaza sauti, na nikamtabiria dada mmoja kwamba mume wake mgonjwa atapona. Aliacha kumpeleka kliniki. Sitasimulia zaidi. Siku hizi nikisikia watu wanasema hofu yote inatoka kwa Shetani, nakumbuka kwamba 1 Wakorintho 14:29 inataka manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue, na sisi hatukuwa na wa kupambanua, tulikuwa na wa kupiga makofi tu. Na ule mstari wa 2 Timotheo 1:7 tunaoupenda, unaosema hatukupewa roho ya woga, unamalizia kwa moyo wa kiasi. Mwishoni pale huwa hatufiki.

Moto wa Madhabahu
Ndugu Niliyepoa, sina la kujibu. Mungu akufariji, pamoja na yule dada.

Mzee wa Karagwe
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia kwetu. Hakujua kusoma, na alikuwa mwoga hata wa kuuza ndizi sokoni. Katika mkutano mmoja alisimama akakiri kwamba alimwibia jirani debe la kahawa, na jirani mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili. Akalipa. Tangu siku hiyo alisimama kushuhudia popote, mbele ya watu wa namna yoyote. Nilipomuuliza woga ulikwenda wapi, alinijibu kwamba baya lake wameshalijua, sasa watamcheka kwa lipi? Sisemi kila mtu akaungame hadharani, maana nimeona pia ndoa zilizovunjwa na ushuhuda usio na busara.

Zamu ya Usiku
Nimerudi. Mnaniuliza nilimfanyaje. Sikumfanya lolote la ajabu. Maneno yaliniishia, nikapiga magoti ukingoni kwenye tope, nikamwita kwa jina, nikamwambia kwamba yeye ndiye ndugu wa tumbo moja na inafaa yeye ndiye amwombee kaka yake. Aliomba mle ndani kwa muda mrefu, kwa Kipare, mengine hayakuwa maombi bali ni habari za ule mpaka wa shamba, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Kisha akanyoosha mikono juu, na wa kwanza kumvuta alikuwa ni yule baba mdogo aliyenikataa. Nikamalizia ibada.

Mchungaji alipovuka wiki iliyofuata sikupewa pongezi wala karipio. Aliniuliza kama niliandika tarehe ya mazishi kwenye rejista, na nilikuwa sijaandika. Hofu haikuondoka, Mama Pacha. Mpaka leo nikiitwa kuongoza jambo, maliwatoni naenda kwanza.

Fundi Randa
Jeneza lilivumilia mtu mzima kulirukia? Fundi wa kwenu apewe heshima yake.

Kapadokia
Nawashukuru wote, hata mlioniagiza maji ya uvuguvugu. Nilirudi ibada ya kwanza mwaka jana, na sasa ninafundisha shule ya Jumapili, kwa sababu niligundua watoto hawana haraka. Nikikwama wanasubiri, na wakichoka wananimalizia neno. Lakini jana mama mwenyekiti wa wanawake ameniletea ujumbe kwamba katika Siku ya Wanawake wanataka mwanamume asome Warumi sura ya 16, habari za Fibi na wenzake, na wamenichagua mimi. Safari hii nimeulizwa, sikuandikwa ubaoni. Nimeifungua sura na kuhesabu: Priska, Persisi, Patroba. Wamenipa hadi Jumatano nijibu.

Mzee wa Zamu
Funguo za kanisa ninazo mimi, mwanangu. Jumamosi saa kumi na moja jioni nitakuwepo, na nitakaa benchi la nyuma kabisa.

Mama Pacha
Na binti yako, mwulize kama atapenda kusimama nawe. Afike kwa Patroba, akumalizie.