Kompyuta ya steshenari inagoma kuwaka asubuhi: pawa saplai, SSD au mashine nyingine?

binti_moro
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani ya steshenari yangu, ya kuchapa barua na CV: prosesa ni Core i3 ya kizazi cha pili, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB za DDR3, na diski ya kawaida (hard disk) ya 500GB. Asubuhi nikibonyeza, feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Hata mlio hakuna. Nazima nawasha, nazima nawasha, mwishowe inakubali, na ikishakubali inapiga kazi mpaka jioni. Siku nyingine haisumbui kabisa. Fundi mmoja kasema nibadili pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya mashine. Mwingine kasema niweke SSD, ile diski ya kasi. Shemeji anasema ninunue nyingine. Hela ya vyote sina, nianze na kipi?

Kijana_wa_Mtaa
Achana nayo dada. Hiyo ni teknolojia ya 2011. Windows 11 rasmi haiikubali, na Windows 10 Microsoft walishafunga huduma yake ya kawaida Oktoba 2025. Jikusanye uchukue ya kizazi cha nane.

Mzee_wa_Waya
Kijana, mtu anachapa barua na CV, kizazi cha nane cha nini?

SSD iweke pembeni kwanza. Ingekuwa diski, nembo ingetokea kwenye skrini, halafu ungeambiwa hakuna diski ya kuwashia, au Windows ingekwama njiani. Yako haifiki hata huko. SSD itaipa kasi, ugonjwa utabaki palepale.

Mashine inayogoma ikiwa ya baridi na kukubali ikishapata moto, mimi huanza kushuku kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza na kutuliza umeme. Zinakauka ndani kwa miaka, zikipoa zinashindwa kutuliza umeme. Swali: usiku unazima mpaka ukutani?

binti_moro
Ndiyo mzee wangu, naogopa umeme ukirudi kwa kishindo.

Mzee_wa_Waya
Usiku mmoja umeme ukiwa umetulia, izime kawaida ila swichi ya ukutani iache. Sehemu ya volti 5 ya kusubiria ndani ya pawa saplai itabaki hai, haitapoa kabisa. Asubuhi ikiwaka bila ubishi, pawa saplai ndiyo mshukiwa wangu.

Mwalimu_TEHAMA
Kabla ya kutoa hela, fanya ya bure. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka klipu zibane. Kama ni mbili, jaribu moja moja katika kila nafasi. RAM yenye hitilafu nayo hukupa feni inazunguka na skrini nyeusi, ndiyo maana mafundi wanatofautiana. Angalia na saa: ikiwa inarudi nyuma kila ukizima ukutani, betri ya CR2032 imechoka. Hiyo ni ya volti 3, bei yake ya soda.

Pwani_254
Salamu kutoka Mombasa. Fundi akipima pawa saplai kwa mita ya volti, mita pekee isikudanganye. Laini ya volti 12 inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, na nimeona pawa saplai inasoma 11.9 vizuri kabisa lakini mashine haiwaki, kwa sababu mita ya kawaida haionyeshi umeme unavyotetemeka ndani. Dawa ni kuazima pawa saplai nzima ulinganishe.

Ukifungua boksi, tazama pia kapasita za madabodi (ubao mkuu) karibu na prosesa. Ukiona kichwa kimetuna au ute wa kahawia, pawa mpya huenda isisaidie, tafuta fundi mwenye mkono mwepesi wa kulehemu. Pawa saplai yenyewe usiifungue, dada. Kapasita yake kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa plagi.

binti_moro
Nimerudi na majibu. Saa iko sawa. RAM nimesafisha, ikagoma vilevile. Nilipoiacha kwenye umeme usiku, iliwaka mara moja. Jirani wa intaneti kafe kaniazima pawa saplai yake, na tangu hapo, nikizima ukutani au nisizime, haijagoma. Kapasita za madabodi vichwa ni bapa. Sasa ninunue mpya au mtumba?

Kijana_wa_Mtaa
Haya, nimenyoosha mikono. Ila mtumba hapana, huo ni kununua ugonjwa wa mwenzako.

Mzee_wa_Waya
Mpya, lakini siyo zile nyepesi kama boksi tupu zilizobandikwa 500W. Soma kwenye lebo ampea za laini ya volti 12. Kama hujaweka kadi ya grafiki, mashine yako haili hata wati 150, kwa hiyo 300 za kweli zinakutosha. Nenda dukani na ile ya zamani: plagi kubwa ya pini 24, ndogo ya pini 4 ya prosesa, na umbo. Mashine za ofisini, hasa zile nyembamba, nyingi zina plagi zao peke yao na ya kawaida haiingii.

Halafu, printa yako ni ya leza? Iko ekstensheni moja na kompyuta?

binti_moro
Ndiyo, zote mbili.

Mzee_wa_Waya
Itenganishe. Kila inapopasha rola inavuta umeme kwa mkupuo. Ipe soketi yake ya ukutani.

binti_moro
Asanteni wakuu. Kesho nafungua kwa kuchelewa, naanzia dukani. SSD nitaitafuta mwezi ujao.