Mrejesho: mtumiaji aliyegoma kufutika hatimaye ametoka

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini PostgreSQL (programu ya kuendesha hifadhidata) inakataa kumfuta mtumiaji wa zamani, ikidai kuna vitu vinamtegemea, wakati nilishahamisha majedwali yake yote.

Kumbe nilifanya nusu ya kazi. Amri ya REASSIGN OWNED huhamisha umiliki tu. Ruhusa alizopewa kwenye majedwali ya wengine hubaki palepale. Hizo huondolewa na DROP OWNED. Ila usianze na hiyo ya pili, maana itafuta majedwali yenyewe. (Nilijaribu kwenye nakala kwanza, namshukuru Mungu.)

Bado ikagoma. Hapo ndipo jioni yangu yote iliishia: amri hizo hazivuki kwenda kwenye majedwali ya hifadhidata nyingine, na huyu bwana alikuwa na ruhusa kwenye mbili zaidi. Nikaingia moja moja, nikarudia, kisha DROP ROLE (amri ya kumfuta mtumiaji) ikapita kimya.

Kundi lake nalo nimeliondoa kwa amri hiyohiyo ya DROP ROLE. Tangu toleo la 8.1 makundi na watumiaji wote ni kitu kimoja tu, kinachoitwa role. Wanachama wa kundi wapo, uanachama wao ndio umekufa.