Naomba ushauri: kujenga mkusanyiko wa falsafa katika maktaba ya chuo kikuu

MkutubiFalsafa
Habari za humu wakuu. Chuo kinaanzisha shahada ya kwanza ya falsafa na maktaba imepewa miaka 3 kuandaa mkusanyiko. Bajeti inatosha juzuu kama 600 za karatasi na usajili kidogo wa kielektroniki. Idara imeleta orodha ya majina matupu: Plato, Aristotle, Kant, Hegel na kuendelea. Rafuni kuna vitabu vya msaada, yaani tulivyopewa bure, ambavyo havijawahi kuchambuliwa. Nianzie wapi, ninunue matoleo gani, na vya msaada nivifanyeje?

Rafu100
Mkuu, kwa orodha ya majina usinunue hata kitabu kimoja. Rudi idarani uchukue silabasi ya kila kozi, kisha utenganishe usomaji wa lazima na wa ziada. Wa lazima ununuliwe kwanza, nakala 1 kwa kila wanafunzi 10 hadi 15, na mojawapo ibaki kwenye uazimaji wa muda mfupi, yaani saa chache tu bila kutoka nje ya maktaba. Wa ziada unatosha nakala 1.

Halafu mkubaliane na idara kwa maandishi kuhusu kina. Kipimo cha Conspectus, kinachopima kina cha mkusanyiko wa maktaba, kina ngazi 0 hadi 5. Shahada ya kwanza inahitaji ngazi ya 3, inayobeba ufundishaji. Ya 4 ni ya utafiti. Bila makubaliano hayo, mhadhiri mmoja mwenye sauti atamaliza fedha kwa mwanafalsafa wake mmoja, na mantiki ibaki na vitabu viwili.

Unapopima ulichonacho, usihesabu Dewey (namba za kupanga vitabu kwa mada) 100 hadi 199 yote ukaiita falsafa. Humo 150 ni saikolojia, na 130 ina unajimu na tafsiri za ndoto. Falsafa nyingine iko nje kabisa: ya siasa 320.01, ya sheria 340.1, ya sayansi 501, ya dini 210. Pita huko kote kabla ya kuagiza, la sivyo utanunua mara ya pili kitabu ambacho tayari kiko ghorofa nyingine.

Nafasi nayo: rafu ya sentimita 90 hubeba vitabu 30 hivi vya unene wa kawaida. Jaza robo tatu tu ili vipya vipate pa kuingia. Juzuu 600 zinataka rafu 27 au 28, sawa na kabati 5 za rafu 6.

Mfasiri_na_Matoleo
Naongezea kwenye matoleo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maandishi ya falsafa hayanukuliwi kwa ukurasa wa kitabu ulichoshika. Plato hunukuliwa kwa namba za Stephanus zinazotokana na chapa ya 1578, kwa mfano 514a. Aristotle hunukuliwa kwa namba za Bekker, chapa iliyoanza 1831, kwa mfano 1094a. Uhakiki wa Akili Tupu wa Kant una A kwa toleo la 1781 na B kwa la 1787. Mhadhiri akisema "someni A51/B75" na kitabu chako hakina namba hizo pembeni, mwanafunzi atapekua kurasa mia kadhaa bila kufika. Kitabu hicho kipo rafuni lakini darasani hakimsaidii mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, fungua kurasa za mfano kwenye tovuti ya mchapishaji utazame ukingo. Chapa nyingi za bei nafuu ni tafsiri za karne ya 19 zilizoisha haki miliki: Jowett kwa Plato, Meiklejohn (1855) kwa Kant. Nyingi zimeskaniwa tu, namba za ukingoni zimeachwa, faharasa hakuna, na maneno ya Kigiriki yamegeuka alama zisizosomeka. Kwa Kiingereza, Plato mzima chukua juzuu moja iliyohaririwa na Cooper (Hackett, 1997). Kant chukua tafsiri ya Guyer na Wood (Cambridge, 1998). Ya Kemp Smith ya 1929 nayo ina A na B, na vitabu vingi vya uchambuzi vinaifuata, kwa hiyo ikija kama msaada ipokee.

Idara ikifundisha Kigiriki au Kilatini, msururu wa Loeb una lugha asilia upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Jalada la kijani ni Kigiriki, jekundu ni Kilatini. Nunua zilizo kwenye silabasi tu.

Mjadala_Kwanza
Mwenzangu kasema vizuri, ila naomba mkuu asijenge mkusanyiko wa majina makubwa pekee. Falsafa husomwa kama mabishano, kwa hiyo nunua pande zote mbili kwa pamoja. Ukiweka Tempels (1945) juu ya falsafa ya Kibantu bila Hountondji (1976, tafsiri ya Kiingereza 1983) anayeupinga mkondo huo, mwanafunzi ataona dai bila jibu lake. Ongeza Wiredu (1980), kisha Oruka (1990) juu ya falsafa ya wahenga, na mjadala unakamilika kiasi. Vivyo hivyo al-Ghazali aende na Ibn Rushd aliyemjibu. Maandishi ya India na China yapewe fungu lao tangu mwaka wa kwanza, yasisubiri salio.

Kuhusu mpangilio wa ununuzi: vitabu vya falsafa ya Kiafrika mara nyingi huchapwa nakala chache na kuadimika mapema. Viagize mwaka wa kwanza. Kant hatakwisha sokoni.

Kuchagua uchambuzi wa kisasa, tumia Stanford Encyclopedia of Philosophy, ni bure. Fungua makala 4 au 5 za mada moja, linganisha orodha za marejeo mwishoni. Kitabu kinachojirudia katika tatu kati yake kiwe cha kwanza kwenye oda.

MkutubiFalsafa
Asanteni sana, mmenifungua macho. Je, vya lazima nikivinunua kielektroniki sitaokoa nakala nyingi?

LeseniKwanza
Inategemea leseni, ndugu. Ya mtumiaji 1 kwa wakati mmoja ni sawa na nakala 1 ya karatasi. Darasa la watu 60 likitumwa sura moja wiki moja, 59 watakutana na mlango uliofungwa. Kwa usomaji wa lazima tafuta leseni isiyo na kikomo, au angalau ya watumiaji 3 pamoja na nakala za karatasi. Uliza pia kama ni ununuzi wa kudumu au usajili wa mwaka. Kwenye vifurushi vya usajili mchapishaji anaweza kuondoa kitabu katikati ya muhula.

Kwa majarida, angalia ucheleweshaji. Katika JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, majarida mengi yana ukuta wa miaka 3 hadi 5, kwa hiyo mjadala wa mwaka huu haumo. Ziba pengo hilo na PhilArchive, ambako wanafalsafa huweka makala zao bure, na Philosophers' Imprint, jarida huria tangu 2001. Viingize kwenye katalogi yenu, maana kisichoonekana kwenye katalogi wanafunzi hawakitafuti.

Safisha_Rafu
Vya msaada: chochote kisichoazimwa miaka 5, toa.

Mkatalogi
Kwa vitabu vya tiba ningekubaliana na hilo, kwa falsafa hapana. Uchambuzi wa 1960 juu ya mwanafalsafa Hume unaweza kukaa kimya miaka 8 kisha ukahitajika kwenye tasnifu. Tena vingi husomwa mezani bila kuazimwa, kwa hiyo hesabu vinavyoachwa mezani kabla ya kuvirudisha. Toa vitabu vilivyofupishwa, matoleo ya zamani ya vitabu vya mazoezi ya mantiki kama una jipya, na nakala zenye ukungu. Zenye ukungu zitengwe siku hiyohiyo, kwani huambukiza rafu nzima.

Kwenye katalogi sisitiza mambo mawili. Ibn Sina ni Avicenna, Ibn Rushd ni Averroes: chagua umbo moja liwe rasmi, mengine yaingie uga wa 400 wa rekodi ya jina (namba za uga hapa ni za MARC, muundo wa rekodi za katalogi) yaelekeze huko, vinginevyo kazi zake zitagawanyika sehemu mbili. Na kwa vitabu vya mkusanyo wa makala, andika yaliyomo kwenye uga wa 505. Makala moja maarufu mara nyingi ndiyo sababu ya mtu kukitafuta kitabu kizima. Mfasiri naye aingie uga wa 700, ili mhadhiri akitaja tafsiri fulani ipatikane kwa jina lake.