Naomba ushauri: Mama anataka kuona kaburi la Mboya. Tubaki kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, au tuvuke hadi kisiwa cha Mfangano?

KifunguaMimba_Nakuru:
Wadau, hamjambo. Mama yangu amestaafu baada ya kufundisha historia miaka 31 hapa Nakuru. Habari za Tom Mboya, yule waziri wa Kenya, amezifundisha tangu ujana wake, lakini kaburi lake hajaliona. Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Mama alikuwa na miaka 12. Anakumbuka babu akizima redio na kukaa kimya hadi usiku. Agosti nataka kumpeleka, siku 3.

Shida ni kwamba goti la kulia linamsumbua, mlima mrefu hauwezi. Tena amesikia kuna michoro ya kale Mfangano na anaitaka, nami boti naziogopa. Mwaka jana nilipanda moja ziwani humo, tumejazana kama omena, watu zaidi ya 20 na jaketi za kuokolea 4 tu. Upepo ulitukuta katikati ya maji. Hadi leo sijasahau. Mnasemaje? Na kutoka Nakuru ni njia gani haichoshi?

Jirani_wa_Mbita:
Karibuni sana. Rusinga hamhitaji boti, kutoka mji wa Mbita mnavuka daraja kwa gari. Zamani hapo palijazwa mawe na udongo, maji ya ziwa yakakosa kupita. Daraja ndilo lililofungua mkondo tena.

Kaburi liko Kasawanga. Jengo lake lina umbo la risasi, na ndani kuna picha na vitu vyake. Tafadhali mpe Mama muda. Huwa naona wageni wanaingia, wanapiga picha mbili tatu, wameondoka, na inaniuma. Huyu ndiye aliyehangaika tangu 1959 vijana wetu wapate kwenda kwa ndege kusoma Marekani.

Kisha tafuteni mwenyeji awaonyeshe vilima vya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Ni kisiwa hikihiki ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani asiye na mkia aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Msiokote jiwe lolote, hata dogo. Mfangano mngeiacha, kwa sababu ya goti.

NyarSuba:
Jirani, hapo sikubaliani nawe. Mimi ni wa Mfangano. Mwalimu wa historia afike Mbita kisha arudi bila kuona michoro yetu? Ni miduara myekundu na myeupe kwenye mwamba, inayosemekana kuchorwa na Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla yetu sisi Abasuba. Wazee wetu walipaheshimu kama mahali pa kuombea mvua.

Mwamba wa Kwitone wenye michoro muuache, ni kupanda kwelikweli. Pango la Mawanga, lenye michoro pia, liko chini zaidi. Mwende polepole, Mama awe na fimbo na kijana wa kumshika mkono. Hata likimshinda, kuna Makumbusho ya Jamii ya Abasuba pale Ramba, karibu na maji. Aketi na wazee wamsemeshe Olusuba, lugha yetu. Watoto wengi siku hizi wanazungumza Kijaluo tu, na kila mzee akienda tunapoteza maneno.

Dereva_Kericho:
Kisumu msipite. Shukeni Kericho, Kapsoit, Sondu, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Karibu na Kendu Bay simameni Simbi Nyaima, Mama anyooshe mguu. Ni ziwa dogo la kreta. Wanasimulia kwamba kijiji kizima kilizama hapo baada ya kumnyima bibi kizee hifadhi usiku.

MtotoWaZiwa:
Kuhusu boti: ondokeni asubuhi. Alasiri upepo huamka na mawimbi hukua. Vaeni jaketi mkiwa bado ufuoni, mzifunge vizuri. Mkiona abiria wanazidi kuongezwa, shukeni mngoje nyingine, hata kama mmeshalipa. Na msioge ziwani, kuna kichocho, na viboko.

KifunguaMimba_Nakuru:
Asanteni sana. Siku ya kwanza safari, ya pili Rusinga, ya tatu Mfangano asubuhi na mapema. Nimeamua kununua jaketi zetu wenyewe mbili kabla ya kutoka, na ya kurudi Nakuru nitaongeza siku moja. Mama amesoma majibu yote na anauliza jambo moja tu: anaweza kupeleka maua kaburini?

Jirani_wa_Mbita:
Mwambie Mama ayalete. Mkikaribia daraja mniandikie hapa, nitawapeleka Kasawanga mwenyewe.