Kitunguu ni mmea, mbona hatujaona kloroplasti kwenye maikroskopu?

binti_kasulu:
Habari za leo wakuu, shikamooni wakubwa. Niko kidato cha pili huku Kigoma, juzi tumefanya praktikali ya seli tukatumia kitunguu, tukabandua ile ngozi nyembamba ya ndani tukaiweka kwenye slaidi na tone la ayodini. Tumeona vyumba vyumba virefu vimepangana na ndani ya kila kimoja kidoa cha kahawia, mwalimu akasema ndo kiini. Sasa kwenye daftari nimechora seli ya mmea ina kloroplasti, mitokondria, vakuoli kubwa (ule mfuko wa majimaji ndani ya seli), ukuta, utando, yaani kila kitu, ila kwenye maikroskopu kloroplasti hata moja sijaiona na mitokondria nazo hamna. Rafiki yangu anasema maikroskopu yetu mbovu, mwingine anasema kitunguu sio mmea kamili. Halafu ukuta wa seli na utando wa seli mi naona mstari mmoja tu, sasa utando uko wapi? Naombeni mnieleweshe jamani, kukariri nimechoka.

mwl_ujiji:
Marahaba mwanangu. Maikroskopu yenu nzima na kitunguu ni mmea kamili kabisa. Kloroplasti hujaziona kwa sababu hapo hazipo.

Kloroplasti kazi yake ni kunasa mwanga ili mmea ujitengenezee chakula, usanisinuru unafanyika humo. Kile kitunguu tunachokata jikoni ni majani yaliyonenepa, yamekumbatiana yanatunza maji na chakula, mwanga hauyafikii, sasa seli zake ziwe na kloroplasti za kufanyia nini? Lakini chukua yale majani yake ya kijani ya juu, kwangua ile nyama ya kijani iliyo chini ya ngozi uweke kwenye tone la maji matupu bila ayodini, utakuta vidoa vya kijani vimejaa tele. Mmea ni huohuo na taarifa za urithi kwenye kiini ni zilezile, ila seli ya chini na seli ya juu kila moja imejijenga kufuata kazi yake. Ule mchoro wa kwenye daftari umekusanya vitu vya seli nyingi tofauti ukaviweka sehemu moja ili mjifunze, usitegemee kukuta seli moja inayofanana nao kila kitu.

Angalia hata kiazi mviringo, kikikaa juani siku kadhaa kinaanza kuwa cha kijani, pale zile chembe zilizokuwa zinatunza wanga zinageuka kuwa kloroplasti kwa sababu mwanga umefika (hicho cha kijani msile, kinaongeza sumu). Na ukikwangua kiazi kibichi ukakitia ayodini utaona punje za wanga zimekuwa bluu nyeusi, kitunguu hakifanyi hivyo kwa sababu chenyewe akiba yake ni sukari, sio wanga.

Mitokondria sasa hizo ZIPO, kwenye kitunguu zipo na kwenye jani la kijani zipo pia. Hapa wanafunzi wengi wanapoteza maksi, wanaandika mnyama ana mitokondria na mmea una kloroplasti kama vile wamegawana. Mmea unapumua usiku na mchana, chakula ulichotengeneza lazima kivunjwe kitoe nishati na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye mitokondria. Hamkuziona kwa sababu ni ndogo mno, upana wake kama mikromita 0.5 mpaka 1 hivi, na mikromita 1,000 ndo zinafanya milimita 1. Tena hazina rangi, kwa maikroskopu ya shule inayokuza mara 400 usipotumia rangi yake maalumu utatafuta mpaka kengele igongwe.

mgebuka_wa_kibirizi:
Mwalimu umeeleza vizuri ila na mimi nina langu la siku nyingi. Kama kiini ndo kinaongoza seli mbona tunaambiwa seli nyekundu ya damu haina kiini, sasa inaishije? Ni seli kweli ile?

maabara_kwetu:
Naomba nijibu hili, damu ndo kazi yangu ya kila siku. Ni seli, na inaanza ikiwa na kiini kama wenzake. Inatengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa na inapokaribia kuingia kwenye damu inakitoa nje, mitokondria nazo zinaondolewa, inabaki imejaa himoglobini ya kubebea oksijeni. Nishati yake inaipata kwa kuvunja glukosi bila kutumia oksijeni, kwa hiyo mzigo inaoupeleka kwenye misuli na ubongo haiuli njiani. Ila kwa vile haina kiini haiwezi kujitengenezea vipuri vipya, ikichakaa basi, inaishi kama siku 120 inaondolewa nyingine zinashika nafasi, na uboho unatengeneza mpya kila sekunde.

Ukitaka kushuhudia, chukua samaki, mgebuka mbichi pale mwaloni, tone dogo la damu yake ulitandaze kwenye slaidi liwe jembamba kabisa likauke, ulitie rangi ya kuonyeshea kiini. Utaona seli nyekundu za umbo la yai na kila moja ina kiini katikati! Samaki, chura, ndege, wote seli zao nyekundu zina kiini, hata damu ya kuku. Ya kwetu na ya ng'ombe na mbuzi ndo haina. Tunapopima malaria tukikuta kitu kimepakwa rangi ya zambarau ndani ya seli nyekundu ya mtu mzima tunashtuka, maana hapo hapatakiwi kuwa na kiini, mara nyingi ni kimelea kimeingia humo.

fundi_baiolojia:
Mbona swali la ukuta na utando mmeliruka? Mimi nalipenda kuliko yote hayo. Dada wa Kasulu, utando upo, umebanwa kwenye ukuta kwa ndani na ni mwembamba sana ndo maana unaona mstari mmoja. Yule mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 alipoangalia koki kwa maikroskopu, yaani gome la mti, alichokiona ni kuta tupu maana seli zenyewe zilishakufa kitambo. Wewe una seli hai, unaweza kuvitenganisha.

Tafuta kitunguu chekundu, safari hii bandua ngozi ya nje ya ganda nene, ile yenye zambarau, usiweke ayodini. Hiyo zambarau iko ndani ya vakuoli kwa hiyo utaona kila chumba kimejaa rangi mpaka kwenye kona. Halafu chukua chumvi, hata ya Uvinza, kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji, dondosha pembeni ya kile kioo cha kufunikia na upande wa pili weka kipande cha tishu kinyonye. Usitoe jicho. Dakika chache tu zambarau inaanza kuachia kona, inajikunja inakuwa donge katikati na rangi inakolea, ila kile chumba hakijabadilika umbo hata kidogo. Kilichobaki nje ni ukuta, mgumu, wa selulosi, unapitisha maji na chumvi bila kuuliza. Mpaka wa lile donge ndo utando, wenyewe unapitisha maji kirahisi lakini chumvi inakwama, ndo maana maji yametoka na chumvi haijaingia. Ukiwahi kurudishia maji masafi donge linavimba linarudi kujaa, ukichelewa seli inakufa.

binti_kasulu:
Aisee asanteni sana, nitamwomba mwalimu Ijumaa tufanye. Na hizo za damu zikiwekwa maji masafi nazo zinavimba hivyohivyo?

maabara_kwetu:
Zinavimba mpaka zinapasuka, kwa sababu hazina ukuta wa kuzizuia. Seli ya kitunguu maji yakiingia inafika mahali ukuta unakataa, ya damu utando peke yake hauwezi. Mgonjwa anapotundikiwa dripu ya chumvi ile ni asilimia 0.9 ili seli zisivimbe wala zisisinyae. Maji matupu hayaingizwi kwenye mshipa kamwe.