Tuyaiteje kwa Kiingereza matatizo tunayoyatarajia katika ripoti ya mradi?

MratibuMaji ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandaa kwa Kiingereza ripoti ya mradi wa visima katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, na wafadhili wametenga sehemu nzima kwa ajili ya matatizo tunayoyaona mbele yetu. Wenzangu ofisini hawakubaliani kuhusu kichwa cha sehemu hiyo: mmoja anataka "anticipated challenges", mwingine "foreseeable problems", na wa tatu anasema "potential risks" ndiyo lugha iliyozoeleka kwa wafadhili.

Mambo yenyewe ni manne. Kisima kilicho karibu na ufuko kimeanza kuingiwa na maji ya bahari, na akina mama wanaochota hapo wanasema kiangazi hiki hata chai ina ladha ya chumvi. Pampu za sola zitachakaa, na vipuri vyake havipatikani wilayani. Ufadhili unakwisha Juni mwakani, na kuanzia hapo kamati ya maji itategemea fedha za ndoo peke yake. Tena, mvua za vuli zikizidi, mafuriko yanaweza kufikisha maji ya vyoo kwenye visima vifupi. Je, lipo neno moja la Kiingereza linaloweza kuyabeba yote manne bila kupotosha?

Mhariri_Kazini amejibu:

Ndugu Mratibu, halipo, na ningekusihi usilitafute. Mambo yako manne hayafanani kwa uhakika wala kwa wakati, na msomaji atakayeyakuta yamefungwa pamoja chini ya "potential risks" hataweza kujua lipi lishughulikiwe kesho na lipi lisubiri.

Tuanze na chumvi. Hilo limekwisha kutokea, kwa hiyo si "risk". Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa hatari, ISO 31000, katika toleo la mwaka 2018, kinaifafanua "risk" kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na wasimamizi wa miradi hulitumia neno hilo kwa jambo ambalo huenda likatokea. Likishatokea huliita "issue". Ukiliita tatizo la chumvi "potential", unawaambia wafadhili kwamba maji ya akina mama hao bado ni matamu. Andika kwamba kisima "is already turning saline", kisha ueleze hali inavyotarajiwa kuendelea.

Kwisha kwa ufadhili nako ni jambo la hakika lenye tarehe, na kitu chenye tarehe hakihitaji "may" wala "might". Sentensi "Funding ends in June" inatosha. "Impending" ingefaa, ila ina kishindo cha hatari ambacho hukihitaji. Kwa vipuri ningetumia "is likely to", na kwa mafuriko "could".

Ama "anticipated", ni neno zuri lakini lina maana mbili: kutarajia jambo, na pia kujiandaa nalo kabla halijafika. Msomaji makini akilikuta ataanza kutafuta maandalizi yenu. Kama mmekwisha kutenga fedha za vipuri, litumie hapo, na katika sentensi hiyohiyo utaje fedha hizo.

WakiliMsomaji ameongeza:

Nakubaliana na Mhariri, na naomba nitoe tahadhari kuhusu "foreseeable", kwa kuwa katika sheria neno hilo lina uzito ambao watu wa miradi mara nyingi hawauoni. Katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, jaji wa Uingereza, Lord Atkin, aliweka msingi kwamba mtu anapaswa kujihadhari na matendo, au kuacha kutenda, pale anapoweza kuona kwa busara ya kawaida kwamba jirani yake huenda akadhurika. Mwaka 1961, katika kesi maarufu kwa jina la Wagon Mound, Privy Council, baraza la rufaa lililoketi London, lilisema kwamba mzembe atawajibika kwa madhara ya aina ambayo mtu mwenye busara angeweza kuyaona mapema. Tanzania na Kenya zilirithi mfumo huohuo wa sheria wa Kiingereza, na mawakili wetu hunukuu kesi hizo hadi leo.

Kwa hiyo, ukiandika "foreseeable contamination of the wells" halafu mradi usichukue hatua yoyote, umekiri kwa maandishi kwamba mliona hatari na mkaiacha. Sisemi mfiche jambo, kwani wanaokunywa maji hayo ni watu. Ninachosema ni kwamba neno hilo liandikwe pamoja na hatua, aliyekabidhiwa kazi na lini ataimaliza.

Msomaji_Bujumbura ameandika:

Kwetu sisi tuliosomea Kifaransa kuna mtego mwingine. Tunaandika "eventual problems" tukidhani tumesema matatizo yanayowezekana, kumbe Mwingereza anaelewa matatizo yatakayofika tu hatimaye. Vilevile, Waingereza hutofautisha "in future", yaani kuanzia sasa na kuendelea, na "in the future", yaani wakati fulani ujao. Ukieleza utaratibu mpya wa kamati, tumia la kwanza. Ukieleza vipuri vitakavyokosekana, tumia la pili.

MtuWaHaliYaHewa amejibu:

Mhariri amependekeza "likely" na "could", nami sipingi, ila maneno hayo yakiachwa peke yake kila mtu huyapima kwa mizani yake. Mwaka 1951 wachambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "a serious possibility". Sherman Kent, aliyekuwa miongoni mwao, alikuwa na maana ya nafasi 65 kati ya 100, lakini ofisa wa serikali aliyeisoma ripoti alidhani ni ndogo zaidi. Kent alipowauliza wenzake waliopitisha maneno hayohayo, akakuta makadirio yao yanatoka 20 hadi 80 kati ya 100. Maneno waliyakubali wote, ila kila mmoja alikuwa amekubali kitu chake.

Ndiyo maana jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, limeyapa maneno yake namba: "likely" ni uwezekano wa asilimia 66 hadi 100, "very likely" ni 90 hadi 100, na "unlikely" ni 0 hadi 33. Nanyi wekeni maelezo mafupi ya aina hiyo mwanzoni mwa sehemu yenu. Kwa mvua za vuli, msikadirie wenyewe. Chukueni utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na muutaje kwa tarehe yake, maana utabiri huhuishwa.

MratibuMaji amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeacha kutafuta neno moja, na sasa nimeandika hivi: "The borehole nearest the shore is already turning saline. Donor funding ends in June, after which the water committee will rely on user fees alone. Spare parts for the solar pumps are likely to be hard to obtain in the district, and we have set money aside for them. Heavy rains could carry waste from latrines into the shallow wells." Kichwa nimekiita "Current problems and future risks". Je, kuna kilichobaki?

Mhariri_Kazini amejibu:

Kichwa hicho kinafaa, kwa sababu kimetenganisha yaliyopo na yajayo. Katika sentensi ya kwanza ongeza kipimo cha chumvi na tarehe kilipochukuliwa. Sentensi ya mwisho bado haina hatua, na hilo ndilo alilolisema Wakili: taja ni visima vipi vitainuliwa kuta na kufunikwa, na kazi hiyo ikamilike kabla ya Oktoba.