Mdogo wangu sukari inashuka bila dalili yoyote, nifanyeje?

Dada Mkubwa: Wakuu habari, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 19, ana kisukari aina ya 1 tangu akiwa na miaka 8, anachoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya muda mrefu pamoja) asubuhi na jioni. Zamani sukari ikishuka alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, anajiwahi mwenyewe. Siku hizi hamna. Juzi tumekaa mezani, nikaona ameshika tonge la ugali halipeleki mdomoni, analitazama tu. Namuuliza, ananijibu mambo yasiyoeleweka. Mashine ya sukari ikasoma 2.4 mmol/L! Baadaye anasema alijisikia sawa kabisa. Naogopa hata kulala.

Nesi wa Pwani: Pole sana dada. Mtu asiye na kisukari akila, utumbo hutoa homoni zinazoliamsha kongosho, insulini inatoka kadiri ya chakula. Sukari ikianza kushuka, insulini, inayoshusha sukari, inapungua yenyewe na glukagoni, homoni ya kuipandisha, inaliamuru ini limwage sukari ya akiba. Kwa mdogo wako, insulini iliyokwisha kuchomwa hairudishwi, na kwa aina ya 1, miaka ikienda, glukagoni nayo huacha kuitikia sukari ikishuka. Anabakiwa na adrenalini, ndiyo yenye jasho na kutetemeka. Akishuka mara kwa mara, hiyo nayo inachelewa. Ila mara nyingi dalili hurudi akikaa wiki kadhaa bila kushuka chini ya 4, kwa hiyo daktari apange dozi upya. Asiache insulini!

Baba Kulwa: Yalinikuta. Nilikuwa nachoma saa 12 jioni, nakula saa 3. Tena ule mchanganyiko unafanya kazi mpaka usiku wa manane. Mpimeni saa 9 usiku siku kadhaa, muandike. Ikiwa chini ya 4, vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, halafu ale. Karanga na chokoleti haziwahi.

Nesi wa Pwani: Na akizimia msimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlazeni ubavu, hospitali mbio.

Dada Mkubwa: Asanteni mno. Jana saa 9 usiku nimempima: 3.1, amelala fofofo, shingo kavu kabisa. Nimemwamsha akanywa maji ya sukari, ikapanda 5.2, akala mkate. Kesho asubuhi tunaenda kliniki na daftari.